Mizinga 21 na risasi tatu za mazishini ni kitu kimoja?

SWALI: Akizikwa rais nasikia mizinga 21, akizikwa askari wa kawaida naona bunduki tu. Ni heshima ileile imepunguzwa? Na kwa nini jeneza la Malkia Elizabeth lilivutwa na watu badala ya farasi?

JIBU: Hapana ndugu, hizo ni mila mbili zenye asili tofauti kabisa, na wanaozichanganya ni wengi mno.

Mizinga imetoka baharini. Zamani meli ya vita ikikaribia bandari ya wenyewe inafyatua mizinga yake kuonyesha kwamba sasa iko mitupu na haijaja kwa shari, maana kuijaza tena ilikuwa kazi ya muda. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba meli ilipiga 7 na ngome ikajibu 3 kwa kila 1, sababu nchi kavu baruti ni rahisi kuitunza isilowe, ndo ikaja 21. Hiyo ni saluti ya mkuu wa nchi, anapigiwa hata akiwa hai kwenye ziara.

Zile za bunduki ni za vitani Ulaya. Pande mbili zinasimamisha mapigano ziokote maiti na majeruhi, upande ukimaliza unapiga hewani mara tatu, yaani wetu tumeshawasitiri, tuko tayari kuendelea. Sasa Marekani kikosi kinachopiga mara nyingi ni askari 7, ukizidisha kwa 3 unapata 21, basi watu wanaita mizinga 21 wakati hakuna mzinga hata mmoja pale. Wewe hesabu mishindo tu, ikiwa mitatu ni heshima ya askari.

Na hiyo mishindo kuna siku ilishindikana. Julai 1862, Virginia, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kapteni John Tidball anamzika askari wake na adui yuko karibu, akaona wakifyatua wale watadhani wanashambuliwa, akaamuru lipigwe tarumbeta la kuzima taa usiku. Ndo ile Taps inayopigwa kwenye mazishi ya kijeshi Marekani mpaka leo, na huwa napenda kuwakumbusha watu kwamba kupigwa mazishini kulianza kwa askari wa kawaida, sio kwa jenerali.

La malkia ni fupi. 2 Februari 1901 pale Windsor, kwenye mazishi ya Malkia Victoria, farasi walisumbua mikanda ya kuvutia ikakatika, mabaharia wakashika kamba wakalivuta wenyewe gari la mzinga lililobeba jeneza. Ikawa ndo utaratibu, 2022 walikuwa mabaharia 142.