Kwa Wewe Unayeogopa Kuchangia Damu

Hapa Busia, Uganda, nikimwalika mtu tukachangie damu, jibu la kwanza huwa hana nafasi. Nikikaa naye kidogo, ukweli hutoka: anaogopa. Huyu sindano, yule majibu ya VVU, mwingine kasikia damu inauzwa. Nawaelewa. Tangu shuleni, nikiona damu nilikuwa natokwa jasho na macho yanaingia giza.

Kilichonisukuma ni wodi ya watoto. Mtoto wa dada yangu alishikwa na malaria kali, damu ikamwishia, viganja vikawa vyeupe. Damu ya kundi lake haikuwepo, ikabidi tuisubiri itoke benki ya damu ya Mbale. Alipona, namshukuru Mungu. Ila saa zile za kusubiri zilinikera mno, maana nilijua nina damu ya kutosha mwilini na sijawahi kumpa mtu hata tone.

Usimwambie mwoga wa damu ajikaze moyo. Moyo hauna kosa. Kinachomwangusha ni presha. Hofu nyingine huipandisha, lakini ya damu huipandisha kisha huishusha ghafla, ndipo mtu huzimia. Mwanasaikolojia wa Sweden, Lars-Göran Öst, alibuni njia ya kuizuia ambayo mimi naitumia hadi leo: kaza misuli ya mapaja, tumbo na mikono kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka uhisi uso unapata joto. Legeza, pumzika nusu dakika, rudia. Mkono wenye sindano uache umelegea. Usiende na njaa, na unywe maji kama nusu lita kabla. Halafu mwambie sista mapema kwamba unaogopa. Mimi nilimwambia, akanilaza kabisa, akanizungumzisha habari za bei ya mihogo sokoni mpaka mfuko ukajaa.

Hofu ya majibu ni nzito zaidi, na nchini kwetu ina historia. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitokeza hadharani akasema ana virusi, wakati ambapo wenye ugonjwa walitengwa na dawa za leo hazikuwepo. Sasa dawa zipo, na mtu huishi. Lakini tafadhali, usichangie damu ili upimwe. Ukiwa na wasiwasi, kapime kwanza kituo cha afya. Kila damu inayotolewa hupimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende. Na katika hospitali za serikali damu ni bure. Anayemdai mgonjwa pesa ya damu ashtakiwe kwa wakubwa wake.

Mapigo yangu bado huenda mbio nikilala pale. Hata hivyo, tangu nianze naweza kumsafisha mama kidonda chake cha mguu, kazi niliyokuwa nawaachia wadogo zangu.

Wachangiaji wengi wa Uganda ni wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa akiba hupungua, na damu haiwekwi miezi na miezi. Huharibika baada ya wiki chache. Wakati huo ndio wa sisi watu wazima. Kama una afya, umetimiza miaka 17 na uzito wako haupungui kilo 45, twende wote likizo ijayo. Nitakaa kando yako, tukaze mapaja pamoja.