Baiskeli moja ya kazini na ya milimani: jibu kwa aliyeuliza kama inawezekana

Ndugu muulizaji, umeeleza kwamba unakwenda kazini kwa baiskeli kila siku, kwamba umeanza kuvutiwa na njia za milimani, na kwamba una baiskeli moja tu, yenye shokapu ya mbele pekee. Unataka kujua kama mtu mwenye kazi na familia anaweza kuyafanya yote mawili bila kuiua baiskeli na bila kujimaliza mwenyewe. Inawezekana kabisa, na ndivyo nilivyoishi kwa miaka mingi. Wengi hudhani kinachohitajika ni miguu yenye nguvu, lakini uzoefu wangu unaniambia kwamba mambo huamuliwa zaidi na uangalizi wa dakika chache kati ya safari moja na nyingine, na katika uangalizi huo tairi na cheni hutangulia mengine yote.

Nianze na tairi, kwa sababu hapo ndipo baiskeli moja inapolazimika kufanya kazi mbili zinazopingana. Kwenye lami unataka tairi lililojaa vizuri ili lisikuchoshe, ilhali milimani unataka tairi laini linaloweza kubonyea juu ya jiwe na kulishika badala ya kurushwa nalo. Upepo wa kutosha barabarani ukiupeleka kwenye kokoto na mizizi, baiskeli itadunda, gurudumu la mbele litateleza kwenye kona, na mikono yako itachoka kabla ya miguu. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi la upana wa inchi 2.3 lisilotumia tyubu, mimi humshauri aanzie psi (kipimo cha msukumo wa upepo ndani ya tairi) 21 au 22 mbele na 24 au 25 nyuma kwa njia ya milimani, kisha apandishe hadi 35 hivi kwa safari ya kazini. Anayetumia tyubu aongeze psi tatu au nne kwenye viwango vya milimani, kwa sababu tairi laini likigonga ukingo wa jiwe, tyubu hubanwa kati ya jiwe na ringi na kutoboka matundu mawili yaliyokaa sambamba. Ukiyaona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba, ongeza upepo. Na usivuke kamwe kiwango cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi wala kile cha ringi, maana viwili hivyo havilingani kila mara.

Namna ya kukipata kiwango chako mwenyewe ni kuchagua kipande kifupi cha njia chenye mawe na kona, ukakipita kwa mwendo uleule mara kadhaa huku ukipunguza psi mbili kila mara. Kwanza utasikia baiskeli ikitulia na gurudumu likiishika ardhi. Baadaye itafika hatua tairi litaonekana kujikunja ubavuni unapoingia kwenye kona kwa kasi, au utasikia ringi ikigusa jiwe kwa mlio mkavu. Hapo rudisha psi mbili, na hicho ndicho kiwango chako kwa tairi hilo na uzito huo. Kwa kazi hii kipimo kidogo cha mkononi kilichotengenezwa kwa upepo mdogo ni bora kuliko kile kilicho kwenye pampu ya kusimama, kwani vipimo vingi vya pampu hizo hufika psi 100 na zaidi, na tofauti ya psi mbili huku chini haionekani vizuri.

Kuhusu aina ya tairi, kwa matumizi yako ningechagua lenye meno mafupi yaliyokaribiana katikati na meno makubwa pembeni. Katikati ndipo linapoikanyaga lami unapokwenda moja kwa moja, na pembeni ndipo linapouma udongo unapolala kwenye kona. Meno marefu ya katikati huliwa na lami upesi, na yanakula nguvu zako asubuhi na jioni bila faida yoyote. Ukiamua kuondoa tyubu na kutumia maji ya kuziba, ambayo mimi nayapendelea kwa sababu miiba midogo huzibwa bila hata wewe kujua, kumbuka kwamba maji hayo hukauka baada ya miezi kadhaa na huwahi zaidi penye joto. Tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia kitu kikicheza ndani, ongeza maji mengine.

Sasa cheni. Anayetumia baiskeli kila siku huimaliza cheni mapema kuliko anavyodhani, na cheni iliyokwisha haionekani kwa macho. Umbali kati ya pini moja na inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7, kwa hiyo pingili 24 hutimiza inchi 12 kamili. Chukua rula ya chuma yenye inchi, weka alama ya sifuri katikati ya pini mojawapo huku cheni ikiwa imevutika kwa kukanyaga pedali kidogo, kisha angalia pini iliyo kwenye inchi 12. Cheni mpya italingana na alama. Ikiwa pini imeipita alama kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, cheni imerefuka kwa takriban asilimia 0.5, na kwa baiskeli yenye sproketi (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) 11 au 12 nyuma ni wakati wa kuibadilisha. Zile za zamani zenye sproketi chache zinaweza kuvumilia hadi asilimia 0.75. Chuma chenyewe hakikuvutika, bali pini zimeliwa ndani ya viungo, na cheni iliyorefuka hukaa vibaya juu ya meno ya sproketi na kuyachonga. Ukichelewa, utanunua cheni mpya na kukuta inaruka kila unapokanyaga kwa nguvu, kwa kuwa sproketi nazo zimekwisha kuchukua umbo la cheni ya zamani, na sproketi ni ghali kuliko cheni.

Usafi wake ni wa dakika chache. Nikirudi kutoka mlimani nafuta cheni kwa kitambaa kikavu hadi kitambaa kiache kubeba weusi mwingi, natia tone moja la mafuta kwenye kila kiungo, nazungusha pedali kinyumenyume kwa muda, naiacha mafuta yapenye, halafu nafuta tena kila kilichobaki nje. Watu wengi huiruka hatua hii ya mwisho, nami naiona ndiyo muhimu kuliko zote, kwani mafuta hufanya kazi ndani ya kiungo tu. Yanayobaki nje hushika vumbi, na vumbi lililolowa mafuta husaga chuma kama msasa. Tope liondoe kwa maji ya kawaida na brashi. Maji ya mashine yenye nguvu yasielekezwe kwenye beringi, kwa kuwa yanapita kwenye mpira wa kuzuia na kuondoa grisi.

Breki nitazigusa kwa ufupi, ingawa maisha yako yanazitegemea. Usipulize mafuta yoyote karibu na diski, kwa sababu tone dogo likifika kwenye pedi breki hupoteza nguvu na kuanza kupiga kelele. Kama breki zako ni za maji, yaani zinazosukumwa na umajimaji badala ya waya, soma aina iliyoandikwa kwenye kopo la mkono wa breki kabla ya kuongeza chochote, maana zipo zinazotumia umajimaji wa breki uitwao DOT na zipo zinazotumia mafuta ya madini, na ukichanganya, raba za ndani huharibika. Joto nalo ni adui wa kweli kwenye miteremko mirefu. Katika Kaunti ya Marin, California, mwaka 1976, waendesha baiskeli waliokuwa wakishindana kuteremka njia ya Repack walitumia baiskeli nzito za zamani zenye breki ndani ya kitovu cha nyuma, na baada ya mteremko mmoja grisi ilikuwa imeungua ikawa moshi, hata wakalazimika kufungua kitovu na kukijaza upya. Diski za leo zina uwezo mkubwa zaidi, lakini kanuni haijabadilika. Mtu anayeshikilia breki kidogo kidogo tangu kileleni hadi chini huzipikia pedi zake bila kuzipa nafasi ya kupoa. Ni salama zaidi kubana kwa uthabiti kabla ya kona, kisha kuachia kabisa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mlima unamfundisha mtu namna ya kwenda kazini. Katika njia ninayoipita mara kwa mara kuna mteremko wenye mizizi iliyolala kimshazari, na mvua ikinyesha mizizi ile hung'aa na kuteleza vibaya sana. Kinachonivusha pale ni maandalizi ya mita kumi kabla. Nimeshusha siti, nimesimama juu ya pedali zilizolingana usawa, visigino vimeshuka kidogo, viwiko viko nje na vimelegea, na kidole kimoja tu kiko juu ya kila breki. Kasi naipunguza kwenye udongo mkavu ulio kabla ya mizizi, kwa breki zote mbili, huku ya mbele ikifanya kazi kubwa kwa kuwa uzito wote huelemea mbele unapopunguza mwendo. Gurudumu la mbele linapougusa mzizi, vidole vimekwisha kuachia na macho yako kwenye ardhi ngumu iliyo ng'ambo. Anayebana breki juu ya mzizi uliolowa huanguka, na anayeukodolea macho mzizi huishia kuufuata.

Tabia hizohizo nazihamishia barabarani kila asubuhi. Macho yaliyozoea kutafuta njia mbali huona shimo, mfuniko wa chuma uliolowa au gari linaloanza kusogea mapema kiasi cha kuchagua bila haraka. Magari yaliyoegeshwa nayapita kwa umbali unaozidi upana wa mlango uliofunguliwa, hata kama anayenifuata nyuma anapiga honi, kwa sababu mlango unafunguka kwa kasi kuliko mtu anavyoweza kubana breki. Taa zinawaka mbele na nyuma hata jioni ikiwa bado na mwanga. Nalisema hili kwa moyo wote, kwani nimeona waendeshaji hodari wa milimani wakiwa wazembe barabarani kwa kudhani kwamba hatari iko kwenye mawe tu.

Kuhusu mwili, pima kwanza urefu wa siti. Kaa juu yake, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, na mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukikanyaga kwa mbele ya wayo goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo pa kuanzia. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma nyuma, iko juu mno. Safari za kazini ziendeshe polepole, kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Wengi huzigeuza kuwa mashindano ya kila siku na kufika mwisho wa wiki miguu ikiwa mizito, kisha hulaumu mlima. Siku moja katikati ya wiki, ukipenda, ongeza mwinuko mkali njiani, na kesho yake upumzishe miguu. Safari ya milimani ikizidi saa moja na nusu, kula gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, na uanze kabla ya njaa kukufikia.

Familia yangu inajua ninapita njia gani na nitarudi saa ngapi, na saa hiyo naiheshimu. Ndani ya mfuko mdogo nabeba tyubu, vijiko vya kutolea tairi, viraka, pampu, spana za kukunja, kiungo cha kuungia cheni iliyokatika, na kile kikono chembamba kinachoshikilia kibadilisha gia, ambacho kimetengenezwa kipinde au kivunjike kabla ya fremu. Kila fremu ina umbo lake la kikono, kwa hiyo tafuta chako mapema. Kama utakuwa ukibadilisha pedali za kazini na za milimani, kumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi za kinyume, hivyo hulegea kwa kuzungushwa upande wa mwendo wa saa, na nyuzi zote zipakwe grisi.

Njia zenyewe nazo zinahitaji huruma yetu. Usipite kwenye udongo uliolowa kiasi cha kuacha mfereji wa tairi, kwa kuwa mvua inayofuata itapita humohumo na kuukata zaidi. Mpishe anayetembea kwa miguu, na unapoteremka mpishe anayepanda, kwani yeye akisimama ni vigumu kuanza tena.

Kwa pesa zako za mwanzo, nunua kipimo cha upepo, rula na cheni, kisha tairi nililolieleza, na shokapu ipelekwe kwa fundi ifunguliwe na kubadilishwa mafuta kama haijawahi. Baiskeli ya pili inaweza kusubiri. Ukiandika hapa uzito wako, upana wa tairi ulionalo na kama unatumia tyubu, nitakupa kiwango cha upepo cha kuanzia, mbele na nyuma.