Lugha ya nyumbani Kinyakyusa, hadithi kwa Kiswahili: yaliyonikuta

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyekulia kwenye Kikinga huko Makete anaweza kuandika riwaya ya Kiswahili bila kuchekwa na watu wa pwani. Kuchekwa utachekwa. Mimi ni wa Tukuyu, Kiswahili nilikikuta darasa la kwanza, na hadithi fupi nimeziandika mwaka wa kumi na moja huu.

Aibu ya kwanza ilikuwa herufi r. Kinyakyusa hakina sauti hiyo, kwa hiyo sikio langu halikuzoea kuitenga na l. Katika hadithi yangu ya kwanza kuchapishwa, wazee wamekaa barazani wanajadiliana "mahali ya ng'ombe saba". Msomaji mmoja akauliza hao ng'ombe wanahamia wapi. Hilo linatibika: mpe mtu mwingine mswada wako ausome kwa sauti, wewe kaa na kalamu.

Kazi iko kwenye bahari. Kiswahili sanifu kimejengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, na chumvi imo hadi kwenye misemo yake. Mimi nilidhani huo ndio ufundi wenyewe, nikamwandika mama anayechuma chai Rungwe, analalamika kwamba ndoa yake imekwenda mrama. Mrama ni chombo kuyumba majini. Huyo mama maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya Mto Kiwira. Hadithi nyingine nikaianzisha "mwishoni mwa vuli, kabla ya masika". Wewe unajua kwetu nyanda za juu: mvua ikiingia Novemba ni hadi Aprili au Mei, na Tukuyu hata Julai utakimbilia kuanua nguo. Vuli niliitoa kwenye vitabu vya shule. Hakuna mhariri aliyeigusa. Aliyeiona ni shangazi yangu, akaniuliza kisa hiki kimetokea nchi gani.

Halafu kuna jambo ambalo hadi leo linaniuma kidogo. Kwetu mtu mzima husemeshwa kwa wingi: mwenzako unamsalimia "ugonile", mzee unamsalimia "mugonile". Basi nilimwandika binti anamtengea baba yake mbalaga, anapiga goti, anauliza, "Baba, mmeshakula?" Mhariri akasahihisha: "Baba, umeshakula?" Sarufi ikanyooka, lakini yule binti wangu akageuka mtu asiye na adabu, na ugomvi unaofuata ukapoteza maana, kwa sababu ugomvi wote unaanza siku anapomwambia baba yake "wewe" kwa mara ya kwanza. Kurasa nne zikafa kwa herufi moja. Sikubisha. Nilijiona mgeni kwenye lugha ya watu, na mgeni hapangi viti.

Siku hizi nabisha. Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya, alikuwa mtu wa Ukerewe, Kikerewe ndicho cha nyumbani kwao, na riwaya ya Kiswahili huwezi kuisimulia ukamruka. Abdulrazak Gurnah naye ni wa Zanzibar, Kiswahili ndiyo lugha yake ya kwanza, riwaya zake kaandika kwa Kiingereza na Nobel kaipata mwaka 2021. Maneno ya Kiswahili yamo humo ndani. Kama Kiingereza kinabeba Kiswahili, Kiswahili kinashindwaje kubeba "ndaga fijo", asante sana, ya bibi yangu?

Sasa faida, maana nimelalamika sana. Baba alipofariki nilijaribu kuandika habari zake kwa Kinyakyusa. Sikufika hata sentensi ya tatu, kila neno lilikuja na sauti ya baba. Kwa Kiswahili niliweza. Neno "kaburi" nililisoma shuleni kabla sijasimama kwenye kaburi lolote, kwa hiyo niliweza kulishika bila kuungua. Tena kwa kuwa misemo mizuri hainijii haraka, nalazimika kusema kitu kilivyo: ukungu ulishuka mpaka kwenye migomba, mbwa akabaki sauti tu. Wenzangu wa mwambao wananiambia eti hiyo ndiyo staili yangu. Ni umaskini tu wa msamiati, ila sijawasahihisha.

Ninavyofanya sasa: mazungumzo yote nayaigiza kwanza kwa Kinyakyusa, peke yangu, narekodi kwenye simu (jirani alishamuuliza mke wangu kama niko salama). Nasikiliza mara mbili, nafuta, kisha naandika kwa Kiswahili bila kurudia kusikiliza. Ukiandika huku unasikiliza utatafsiri, na tafsiri inanuka.

Ile hadithi ya binti nimeituma tena mwaka huu, kwingine. Mhariri mpya akanipigia kuhusu "mmeshakula", nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akasema basi iache, lakini hiyo mbalaga ni nini? Nikamwambia ni ndizi. Akasema andika hivyo hivyo, mbalaga.

Weka hapa kurasa zako mbili za mwanzo, na maneno ya Kikinga usiyatoe.