Masuali ya Wasomaji: Victor Sjöström na lugha ya filamu bubu

SUALI: Assalaam alaykum, Bwana Mhariri. Juzi usiku nilitazama pamoja na wanangu filamu ya Kiswidi ya mwaka 1957 iitwayo Smultronstället, iliyoongozwa na Ingmar Bergman, na mzee aliyeigiza daktari Isak Borg alitugusa sote. Mwanangu mkubwa akasema kuwa mzee huyo, Victor Sjöström, alikuwa akiandika na kuongoza filamu tangu zama za filamu bubu. Naomba mnieleze kazi zake, na mnitatulie jambo moja: ikiwa filamu hizo hazikuwa na sauti, vipi zikaitwa za Kiswidi?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu yetu wa Wete. Mwanao amesema kweli. Sjöström alikuwa anakaribia umri wa miaka 78 alipoigiza Isak Borg, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa ya mwisho, kwani alifariki Stockholm tarehe 3 Januari 1960.

Alizaliwa tarehe 20 Septemba 1879 katika jimbo la Värmland, akachukuliwa Marekani na wazazi wake akiwa mchanga, akaishi Brooklyn hadi mama yake alipofariki, kisha akarejeshwa Uswidi akiwa bado mtoto mdogo. Uigizaji aliuanza jukwaani, akizunguka na vikundi vya michezo ya kuigiza hata nchini Finland, ambako wako watu wenye Kiswidi kuwa lugha yao ya mama. Mwaka 1912 Charles Magnusson, mkuu wa kampuni ya Svenska Bio, alimwajiri pamoja na mwongozaji mwenzake Mauritz Stiller, na wawili hao ndio walioipandisha sinema ya Uswidi hadi ikajulikana duniani.

Mwaka uliofuata akatoa Ingeborg Holm, habari ya mjane anayefilisika baada ya mumewe kufa, akapelekwa kwenye nyumba ya mafukara, na watoto wake wakagawiwa kwa watu wengine. Mama huyo anatoroka usiku kwenda kumwona mwanawe mgonjwa, na mwisho akili inamruka, akawa anabembeleza kipande cha ubao kama mtoto mchanga. Filamu hiyo ilizua mjadala mkali Uswidi juu ya namna maskini walivyotendewa. Mimi naiona kuwa kazi ya mtu aliyejua tangu utotoni maana ya kutengana na mama, na kila ninapoitazama nashangazwa na utulivu wake: kamera haisogei, waigizaji hawapigi makelele ya mikono, na huzuni inaachwa ijidhihirishe yenyewe.

Kisha ikaja Terje Vigen ya mwaka 1917, ambayo mtu wa Pemba ataielewa bila ya mkalimani. Imetokana na shairi refu la kisimulizi la Henrik Ibsen wa Norwei, ambalo sisi tungeliita utenzi, na maandishi yanayoonekana kwenye filamu ni beti za shairi hilo. Baharia mmoja, manowari za Waingereza zilipofunga njia za bahari na njaa ikaingia pwani, anavuta makasia peke yake hadi Denmark kutafuta shayiri kwa ajili ya mke na mtoto. Anakamatwa akiwa njiani kurudi, anafungwa miaka mitano, na anapoachiwa anakuta wote wawili wamekwisha zikwa. Miaka baadaye, akiwa rubani wa kuongoza vyombo, nahodha yule yule aliyemkamata anamwangukia mikononi baharini, akiwa na mkewe na mwanawe. Terje ameigizwa na Sjöström mwenyewe. Mawimbi ni ya kweli, na bahari imepewa nafasi kama mhusika kamili. Hapana filamu ya Uswidi iliyokuwa imegharimu fedha nyingi kiasi kile kabla yake.

Ama suali lako la lugha, jibu lake liko kwenye vibao vya maandishi vilivyowekwa baina ya picha na picha. Vibao hivyo viliweza kukatwa na kuwekwa vingine vya lugha ya nchi ya watazamaji, na kwa hiyo filamu ya Stockholm ilisafiri kokote. Lakini Kiswidi kilikuwemo pia katika asili ya hadithi zake, kwani Sjöström alichota sana kutoka kwa mwandishi Mswidi Selma Lagerlöf, mwanamke wa mwanzo kupata Tuzo ya Nobel ya fasihi, mwaka 1909.

Alipokwenda Hollywood mwaka 1923, jina likageuzwa kuwa Seastrom. Katika The Scarlet Letter ya mwaka 1926, mwigizaji Mswidi Lars Hanson alitamka maneno yake kwa Kiswidi ilhali Lillian Gish akimjibu kwa Kiingereza, na mtazamaji hakuona dosari yoyote. Sauti ilipoingia, uhuru huo ukatoweka. Sjöström alirudi kwao mwaka 1930, na baada ya hapo aghlabu alikuwa mwigizaji.

SUALI: Nimeona kipande cha filamu yake chenye gari la farasi la mauti, na mtu anaonekana kama kivuli hadi kitu cha nyuma yake kinaonekana. Walifanyaje bila ya kompyuta?
Msomaji, Mkunazini, Unguja

JIBU: Hiyo ni Körkarlen, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 1 Januari 1921, mwaka ule ule Vuga, mjini Unguja, ilipopata jumba lake la sinema la Royal. Sjöström aliandika mswada kutoka riwaya ya Lagerlöf, akaongoza, na akaigiza mlevi David Holm. Mpiga picha Julius Jaenzon alipiga kwanza chumba na watu walio hai, akaurudisha utepe nyuma ndani ya kamera, kisha akapiga mzuka peke yake juu ya utepe ule ule. Kamera ilizungushwa kwa mkono, hivyo mkono ulilazimika kwenda kwa mwendo ule ule kila mara, na kosa dogo liliharibu kazi yote.

SUALI: Je, filamu zake zote zipo?
Msomaji, Chwaka

JIBU: La, nyingi za mwanzo zimepotea. The Divine Woman ya mwaka 1928, aliyoigiza Greta Garbo, imebakia kipande cha dakika tisa hivi, kilichopatikana Moscow. Trädgårdsmästaren ya mwaka 1912, ambayo wakaguzi wa Uswidi waliipiga marufuku, ilidhaniwa imepotea kabisa hadi nakala yake ilipogunduliwa, miongo mingi baadaye, katika Maktaba ya Bunge la Marekani, na hapo ndipo Waswidi walipoiona kwa mara ya kwanza.