Kutoka Wiketi Hadi Sare ya Polisi

SWALI: Ndugu mhariri, nasikia wapo wachezaji wa kriketi wa kaunti za Uingereza ambao mkataba ukiisha huingia polisi. Mwenye miaka 30 aanzie wapi, na atakwama wapi? — Msomaji, Nakuru

JIBU: Aanze mapema. Kaunti za daraja la kwanza ni 18 na msimu hufungwa Septemba. Anayesubiri hadi aambiwe hana mkataba mpya atakaa miezi bila kipato, maana mchakato wa polisi ni mrefu. Chama cha wachezaji wa kulipwa, kilichoanzishwa 1967, kina washauri wa maisha baada ya mchezo, naye ana haki ya kuwatumia angali anacheza. Umri haumzuii. Shahada nayo si lazima: tangu 2024 ipo njia ya miaka miwili isiyoidai.

Watu huogopa mbio za kupimwa wakati wa kuomba kazi polisi, lakini hizo si tatizo. Ni njia ya mita 15, kwenda na kurudi kwa kufuata mlio, hadi ngazi ya 5.4, kama dakika tatu na nusu hivi. Mchezaji anatakiwa kuacha mazoea mawili tu. Uwanjani, akikimbia, hunyoosha kigongo cha kupigia mpira kivuke mstari, mwili ukiwa nyuma. Hapa ni mguu unaotakiwa kufika. Tena asiwahi mlio, kwani atachoka bure kwa kusimama na kuanza upya kila mara.

Pagumu ni kwenye upekuzi. Wanachunguza madeni, kamari, ndugu wa karibu, marafiki na alichoandika mitandaoni. Madeni yana uzito kwa sababu askari anayedaiwa kila kona ni rahisi kuhongwa. Deni lililotajwa kwenye fomu, likiwa na mpango wa kulipwa, linazungumzika. Lililofichwa likigundulika huhesabiwa udanganyifu, na hapo safari imeisha hata kama kiasi chenyewe ni kidogo. Aandike kila kitu.

SWALI: Akishakuwa konstebo, anaruhusiwa kucheza Jumamosi na kufundisha kriketi kwa malipo? — Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kucheza ruksa. Kazi ya malipo lazima aitangaze kwa kikosi chake na apate kibali kabla ya kuanza, hata kama ni kufundisha watoto saa mbili kwa wiki.

Shida ni zamu. Mfumo unaotumika sana ni wa siku 10: asubuhi 2, jioni 2, usiku 2, mapumziko 4. Ukipiga hesabu, Jumamosi 4 kati ya 10 ndizo za mapumziko, na moja kati ya hizo anaamka nayo kazini, akitoka zamu ya usiku alfajiri. Siku ya kuingia usiku atashawishika kucheza mchana kisha aripoti. Asithubutu, kuendesha gari la doria saa kumi usiku baada ya kushinda juani ni hatari kwake na kwa raia. Bora aombe likizo za Jumamosi mapema, ratiba ya ligi ikitoka.

SWALI: Je, Mtanzania anayeishi huko anaweza kuomba? — Msomaji, Moshi

JIBU: Ndiyo, mradi kibali chake cha kuishi hakina kikomo. Kwa kawaida pia awe amekaa Uingereza miaka 3 mfululizo kabla ya kuomba, kwa kuwa wapekuzi wanahitaji kumbukumbu zake za huko.