Hoja ya CAG huenda kamati ipi?

Swali: Ndugu Mhariri, mamlaka ya maji ya mkoa wetu imetajwa katika ripoti ya CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Nimeona viongozi wake wakihojiwa na PAC, baadaye na PIC, na wakati wa bajeti Kamati ya Maji na Mazingira nayo ikawagusa. Je, kuna mpangilio hapo, au kila kamati inavuta upande wake? *Msomaji, Morogoro*

Jibu: Mpangilio upo, na umewekwa na Kanuni za Kudumu za Bunge. Kanuni hizo huangalia zaidi aina ya jambo kuliko jina la shirika, ndiyo maana shirika moja linaweza kugonga milango mitatu.

Tuseme mamlaka yenu imenunua mita za maji. Kama zilinunuliwa bila kushindanisha wazabuni, au mkandarasi alilipwa kazi ambayo hakuifanya, na CAG akaliibua hilo, basi ni la Kamati ya Hesabu za Serikali, yaani PAC. Ikiwa ununuzi ulikuwa halali lakini miaka mitatu baadaye maji bado yanapotea njiani na mkopo wa mita haulipiki, hapo mwenye swali ni PIC, Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma: mtaji wa wananchi umezaa nini? Waziri akiomba fedha za kupeleka mabomba kata nyingine, hilo ni la kamati ya kisekta, ambayo hushughulika na bajeti, miswada na sera za wizara.

Mpaka kati ya PAC na PIC ndio wenye utata, na chanzo chake kinajulikana. Mwaka 2008 Bunge liliunda POAC, kamati ya hesabu za mashirika ya umma peke yake. Februari 2013 ikavunjwa na kazi yake ikahamia PAC, ambayo tayari ilikuwa na wizara zote mkononi. PIC ilikuja 2016, ikapewa uwekezaji na ufanisi. Hesabu zilizokaguliwa zikabaki PAC. Sisi tunaona mgawanyo huo unafaa, kwa sharti kwamba kamati mbili hizi zisomeane majibu. Zisiposomeana, shirika hupeleka PAC jedwali la madeni linaloishia 30 Juni, kisha PIC jedwali la Desemba. Takwimu zinapishana na kila kamati inatoa agizo lake. Dawa yake ni ndogo: juu ya kila jedwali iandikwe tarehe ambayo takwimu zinaishia, na majibu yaliyopelekwa kamati moja yaambatishwe yanapokwenda nyingine.

Swali: Halmashauri yetu imepata hati safi miaka minne mfululizo, lakini imeitwa mbele ya LAAC. Imekosa nini? *Mwalimu mstaafu, Kahama*

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Hati inayoridhisha, ambayo wengi huiita hati safi, ni maoni ya mkaguzi kwamba hesabu zimeandikwa kwa ukweli. Haisemi kwamba fedha zote zipo. Chukua mfano: wakusanya ushuru wamekusanya milioni 40 kwa mashine za POS, yaani za kielektroniki za kukusanyia malipo, na hawajazipeleka benki. Mweka hazina akiziandika vitabuni kama deni la wakusanyaji, hesabu ni za kweli na hati inaridhisha, huku milioni 40 zikiwa mifukoni mwa watu. LAAC, Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, huwaita kwa sababu ya hoja kama hiyo.

Kinachotukera sisi ni muda. Mwaka wa fedha unaisha 30 Juni, hesabu zinakwenda kwa CAG kufikia 30 Septemba, na ripoti inafika kwa Rais kufikia 31 Machi. Katiba, Ibara ya 143, inataka ifikishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kuanza, kwa kawaida Aprili. Kamati huhoji, na mwaka 2022 na 2023 Bunge lilijadili taarifa zao Novemba. Kwa hiyo ushuru ulioliwa Julai 2021 ulijadiliwa Novemba 2023, miezi 28 baadaye. Kufikia hapo mkurugenzi wa wakati ule huenda amehamishwa, na aliyepo anajibu, "Mimi nimekuta." Ndiyo maana ni muhimu kamati idai jina la aliyekuwa Afisa Masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za taasisi, siku fedha zilipotoka, na huyo ndiye aitwe hata kama yuko mkoa mwingine.

Jambo jingine: "utekelezaji unaendelea" si jibu. Hoja ya POS inajibiwa kwa stakabadhi za benki zenye tarehe na kiasi, ambazo CAG anazihakiki kabla ya kuifunga. Asiporidhika, hoja inarudi katika ripoti ya mwaka unaofuata.

Swali: Serikali ina asilimia 49 za Airtel Tanzania na 16 za Twiga Minerals. Nani anaziulizia? *Msomaji, Geita*

Jibu: Hisa hizo zinashikiliwa na Msajili wa Hazina kwa niaba ya Serikali, na yeye ndiye anayesimama mbele ya PIC. Mwulize mbunge wako mambo matatu: gawio la mwaka ni kiasi gani, wajumbe wa Serikali kwenye bodi ni nani, na walipiga kura gani gawio lilipopangwa.

Swali: Niko Unguja. Hoja kuhusu ZECO niipeleke Dodoma? *Msomaji, Mwanakwerekwe*

Jibu: Hapana. ZECO ni shirika la umeme la Serikali ya Mapinduzi. Zanzibar ina CAG wake, na Baraza la Wawakilishi lina kamati zake za hesabu. Andika kwa Katibu wa Baraza. Kwa mashirika ya Muungano, barua inakwenda kwa Katibu wa Bunge. Popote unapoandika, taja mwaka wa fedha, jina la ripoti (Serikali Kuu, Serikali za Mitaa, Mashirika ya Umma au Miradi ya Maendeleo) na ukurasa wenye hoja, ili karani asilazimike kubahatisha ni ya kamati ipi.