Kiti cha gari si kitanda: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, na picha ya mjukuu wangu akiwa amelala ndani ya kiti chake sebuleni nimeiona. Umeniuliza hivi: "Mama, tukifika nyumbani bado amelala fofofo. Nikimtoa anaamka, basi analia mpaka jioni. Kuna ubaya gani nikimwacha humo humo amalize usingizi wake? Kwani kiti si ndicho cha usalama?"

Ubaya upo. Mtoe, hata kama ataamka, hata kama atalia. Sasa nikueleze sababu, maana tangu utoto wako hukubali jambo mpaka uambiwe kwa nini.

Kile kiti kimetengenezwa kwa kazi moja tu, kumlinda mtoto gari linapogonga au linapofunga breki ghafla. Kazi hiyo kinaiweza vizuri. Kikiwa kimetazama nyuma, kishindo kinaenea mgongo mzima, na kichwa na shingo vinakuwa vimeegemea badala ya kurushwa mbele. Kwa hiyo usije ukasoma barua hii ukaanza kukiogopa. Mtu akikuambia afadhali umpakate garini, mkatalie hata akiwa mkubwa kwako, hata nikiwa mimi. Gari likigonga, hakuna mikono inayoweza kumshika mtoto. Garini ndipo mahali pake. Neno langu lote ni kwamba safari ikiisha, na kazi ya kiti imekwisha.

Tazama umbo la mtoto wa wiki sita. Kichwa chake ni kama robo ya urefu wake wote, na kisogo kimechomoza nyuma. Shingo haijapata nguvu. Ukimlaza chali juu ya godoro tambarare, kichwa kinatulia na hewa inapita bila shida. Ukimkalisha kimshazari, mgongo wa kiti unakisukuma kile kisogo mbele, kichwa kinainama, kidevu kinagota kifuani. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini, nayo ikipindwa hivyo inajikunja kama mrija wa kunywea soda. Mtu mzima angekoroma, angeshtuka, angegeuza shingo. Mtoto mchanga hana nguvu ya kujinasua, na mara nyingine mwili wake haushtuki hata kumwamsha.

Tena halii. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Mtoto anayekosa hewa kwa namna hii hapigi kelele wala hatapitapi. Ukimwangalia kutoka mlangoni utasema leo kalala vizuri kuliko siku zote.

Haya si maneno ya vikongwe, usidhani. Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya watoto wachanga 200 wenye afya njema, waliozaliwa miezi yao ikiwa imetimia. Walipimwa wakiwa bado hospitalini, wamelala kitandani, kisha wakiwa kwenye kiti cha gari. Kitandani oksijeni yao ilikuwa wastani wa karibu asilimia 98. Kwenye kiti ikashuka hadi karibu 96. Baadaye wataalamu wa Uingereza wakakiweka kiti kwenye mtambo unaokitikisa mfano wa gari linalokwenda. Huko mapigo ya moyo na pumzi viliongezeka, na oksijeni ikashuka kuliko mtoto alipokuwa amelala chali. Tofauti zenyewe ni ndogo, na mtoto mwenye afya njema anazimudu kwa safari ya kawaida. Lakini hao walikuwa na mashine mwilini na watu wa kuwaangalia dakika kwa dakika. Wako akiwa sebuleni, nawe uko jikoni, anaangaliwa na nani?

Sasa nije kwenye hasa ulichouliza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulipitia vifo vya watoto wachanga waliofariki usingizini nchini Marekani kati ya 2004 na 2014, karibu 12,000. Kati yao, 348 walikuwa wamelala kwenye vifaa vya kukalia, kama viti vya gari na vibembea, na karibu theluthi mbili ya hao walikuwa kwenye viti vya gari. Ungetarajia basi kwamba walikuwa safarini. La. Viti vilivyokuwa vikitumika jinsi vilivyokusudiwa havikufika hata asilimia 10, na zaidi ya nusu ya watoto waliofia kwenye viti vya gari walikuwa nyumbani kwao.

Kwa nini nyumbani? Kwa sababu garini kiti kimefungwa kwa pembe iliyopimwa, na mikanda imembana mtoto asiteleze. Ukikileta ndani ukakitua sakafuni, pembe inabadilika. Ukikitua kwenye kochi au kitandani ndiyo balaa kabisa, kwani kinazama upande mmoja na kinaweza kupinduka, mtoto akafudikia kwenye mto. Juu ya meza nako usithubutu. Kati ya 2003 na 2007 watoto wa chini ya mwaka mmoja zaidi ya 43,000 walitibiwa kwenye vitengo vya dharura vya hospitali za Marekani kwa kuumia ndani ya viti hivi nje ya gari, wengi wao kwa kuanguka.

Halafu kuna mikanda. Nimeikuza ile picha uliyonituma. Kifungo cha kifuani umekifungua, na mikanda ya mabegani imelala legelege. Najua ulimwonea huruma, ulitaka apumue. Lakini mtoto wa hivyo huteleza chini kidogo kidogo, makalio yakitangulia, na ule mkanda uliolegea unapanda taratibu kuelekea shingoni. Kuna uchambuzi wa mwaka 2015 wa vifo vya watoto kwenye vifaa vya kukalia na kubebea. Kati ya waliofia kwenye viti vya gari, karibu nusu walinyongwa na mikanda. Muda tangu mtoto aonekane mzima mpaka akutwe amekufa ulikuwa kati ya dakika 4 na saa 11. Dakika nne, mwanangu, hata chai haijachemka. Kwa hiyo akiwa ndani ya kiti, mikanda yote inafungwa sawasawa. Ukitaka kuilegeza, mtoe kabisa. Njia ya katikati hapo hakuna.

Najua utaniuliza, na safari ndefu je? Watengenezaji wengi wanasema mtoto asikae kitini zaidi ya saa 2 mfululizo, na kwa mtoto wa wiki chache kama wako mimi ningesimama mapema zaidi ya hapo. Ukisimama, si kusimama tu uendelee kuchezea simu. Mtoe, mlaze chali mahali tambarare ajinyooshe, mnyonyeshe, mbadilishe nepi. Mkiwa wawili, mmoja akae nyuma pamoja naye amtazame uso. Kidevu kisigote kifuani. Hapo katikati kidole kipite. Ukiona kichwa kinaanguka mbele kila mara, angalia alama ya pembe iliyo ubavuni mwa kiti, huenda kimefungwa kimesimama mno. Usitie kitu nyuma ya kichwa chake, kile kimto kizuri ulichopewa zawadi kikiwemo, kama hakikuja na kiti chenyewe. Vimto vya namna hiyo huzidi kukisukuma kichwa mbele. Makoti manene mvue kabla ya kumfunga, halafu mfunike shuka juu ya mikanda. Na kiti kinachotazama nyuma kisikae kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Hilo mumeo analijua, lakini mkumbushe.

Wifi yako mwambie awe mwangalifu mara mbili, kwa kuwa mapacha wake ni njiti. Watoto waliozaliwa kabla ya wiki 37 ndio wanaoshindwa kupumua vizuri upesi kuliko wote wakiwa wamekaa. Katika hospitali nyingi za Marekani hawaruhusiwi kwenda nyumbani mpaka wakalishwe kwenye kiti chao wenyewe kwa dakika 90 hadi 120, huku pumzi, moyo na oksijeni vikipimwa. Mtoto akishindwa, hupewa kitanda cha gari cha kulalia chali, au anabaki wodini akue kidogo. Kama mapacha hawakupimwa, aulize. Hakuna aibu katika kuuliza.

Kuna jambo jingine linalowapita wazazi wengi wa siku hizi. Kiti mnakichomoa garini na kukipachika juu ya kigari cha kusukuma, mkazunguka nacho madukani mtoto akiwa humo humo. Ni rahisi, nakubali. Lakini kwa shingo ya mtoto hakuna kilichobadilika. Saa moja ya barabarani, saa moja na nusu ya dukani, nusu saa ya kurudi: mwili wake unazihesabu zote pamoja. Kama kigari kina kitanda cha kulalia chali, tumia hicho. Vibembea na viti vya kubembeleza ni ndugu wa kiti cha gari katika jambo hili. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema wazi kwamba vifaa vya kukalia si vya kulaza mtoto usingizi wa kila siku, hasa aliye chini ya miezi 4, na akisinzia humo ahamishwe kwenye sehemu tambarare mara inapowezekana kwa usalama. Vile vitanda vya kuinamia vilivyouzwa kwa wingi navyo vilipigwa marufuku huko Marekani kwa sheria ya mwaka 2022, mteremko ukizidi digrii 10.

Na kumwacha amelala ndani ya gari lililoegeshwa, eti unaingia dukani mara moja, hilo hata sitaki kulijadili. Jua likiwaka, joto la ndani linaweza kupanda digrii 10 za Selsiasi kwa dakika 10 tu, na mwili wa mtoto unapata joto haraka kuliko wako.

Turudi kwenye kilio chake. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Sawa, ila hawakuwa wakizungumza habari za mtoto aliyefungwa mikanda. Kuhamisha kuna ufundi wake, nao hujifunzwa. Kabla hujamtoa, punguza mwanga chumbani na uweke kitanda tayari. Fungua mikanda yote kwanza, toa mkono mmoja, kisha wa pili, bila haraka. Kiganja kimoja kiwe chini ya shingo na kisogo, cha pili chini ya makalio, mwegemeze kifuani kwako kabla ya kumwinua. Mbebe hivyo kidogo mpaka pumzi yake itulie. Kitandani tanguliza makalio, kisha mgongo, kichwa mwisho. Watoto wengi huamka kwa sababu kichwa kimetangulia wakahisi wanaanguka. Ukishamtua usiondoe mikono kwa pamoja. Mmoja uache kifuani pake mpaka alegee. Siku nyingine atabaki usingizini, siku nyingine ataangua kilio utamani kumrudisha kitini. Usimrudishe.

Umesema karibu utarudi kazini na mtoto atabaki na mlezi. Mweleze haya yote kabla ya siku ya kwanza, tena umwonyeshe kwa mikono, usimwachie karatasi. Ule utafiti wa 2019 ulionyesha kwamba vifo vya kwenye vifaa vya kukalia, vikilinganishwa na vifo vingine vya usingizini, vilitokea zaidi watoto wakiwa na mlezi asiye mzazi. Si kwamba walezi ni wabaya. Wanapokea mtoto aliyesinzia ndani ya kiti, wanaogopa kumwamsha mtoto wa watu, basi wanakitua pembeni. Wewe ukimfikisha, mtoe kitini mwenyewe, umlaze mwenyewe, kiti urudi nacho garini.

Msalimie mkwe wangu. Mkibishana juu ya kitanda chenyewe, maana najua mtabishana, jibu langu ni godoro gumu, shuka iliyobana, mtoto chali, na mito yote nje.

Mama yako